Viumbe Waishio Katika Maji Yachemkayo

Kila mpishi anajua kwamba yai likitiwa katika maji yanayochemka hugeuka. Ute uliokuwa majimaji na angavu huwa mweupe na mgumu, na hata yai likiachwa lipoe siku nzima ute huo haurudii tena hali yake ya kwanza. Muuguzi naye huchemsha vyombo vyake kabla ya kuvitumia, na katika nyumba nyingi maji ya kunywa huchemshwa ili vijidudu vife. Mambo haya matatu yana asili moja. Joto la maji yachemkayo huvunja maumbo ya molekuli zinazoendesha uhai, na kiumbe ambaye maumbo hayo yamevunjika hawezi kuishi.

Kwa muda mrefu jambo hili lilichukuliwa kuwa kanuni isiyo na kasoro. Sasa inajulikana kwamba wapo viumbe ambao digrii 100 za Sentigredi ndizo hali yao ya raha, na ambao digrii 60 kwao ni baridi isiyowaruhusu kukua. Viumbe hao ni wadogo kiasi cha kutoonekana ila kwa hadubini, nao huitwa arkea wapenda-joto. Maswali mawili yanazuka hapa. La kwanza, kwa nini viumbe hao hawapikiki? La pili, binadamu amepata faida gani kwa kulijua jibu la swali la kwanza?

Jinsi Joto Linavyoua

Ili kuelewa namna kiumbe anavyoweza kulishinda joto, yafaa kwanza ieleweke jinsi joto linavyoua. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Mnyororo huo hujikunja katika umbo maalumu, na kazi ya protini hutegemea umbo hilo kama vile kazi ya ufunguo inavyotegemea meno yake. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko ya kikemia ndani ya mwili, vina mfuko mdogo ambamo kitu kinachofanyiwa kazi huingia na kukaa sawasawa. Umbo hilo hushikiliwa na vifungo vingi vidogo vidogo: vifungo vya haidrojeni, mvutano wa chaji chanya na chaji hasi, na tabia ya sehemu zenye asili ya mafuta kuyakimbia maji na kujikusanya ndani. Kila kifungo peke yake ni dhaifu. Joto si kitu kingine ila ni mwendo wa molekuli. Linapozidi, mtikisiko huvishinda vifungo hivyo, mnyororo hukunjuka, kisha minyororo iliyokunjuka hunasana ovyo. Hilo ndilo linaloonekana katika ute wa yai.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa vifaa vichache. Kipande cha kiazi kibichi kikitiwa katika haidrojeni peroksaidi ya nguvu ndogo, mapovu hutoka, kwa kuwa kimeng'enya kiitwacho katalesi huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kipande kingine cha kiazi hicho hicho, kikichemshwa kwanza kwa dakika kumi na kuachwa kipoe, hakitoi mapovu. Asidi amino za katalesi zingali zimo katika kiazi kilichochemshwa. Kilichopotea ni umbo. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kuikinga ngozi na macho yao wanapoishika peroksaidi.

Madhara ya joto hayaishii kwenye protini. Utando unaoizunguka seli, ambao kwa kawaida ni tabaka mbili za mafuta, hulegea na kuvuja. Nyuzi mbili za DNA, zilizosokotana kama kamba, huachana. Kiumbe anayeishi katika maji yachemkayo hana budi kuyatatua matatizo haya matatu kwa pamoja. Akizilinda protini zake na kuuacha utando uvuje, atakufa vilevile, kwa maana kamba hukatikia pabovu.

Walivyogunduliwa

Utafiti wa viumbe hawa ulipata msukumo wake mkubwa katika chemchemi za moto za Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, nchini Marekani. Mwaka 1966 Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwanafunzi wake, Hudson Freeze, walimpata katika chemchemi mojawapo bakteria anayestawi katika joto la digrii 70 hivi. Mwaka 1969 walimtangaza kwa jina la Thermus aquaticus. Brock hakuwa akitafuta dawa wala bidhaa ya kuuza. Alitaka kujua uhai unakomea wapi joto linapopanda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza habari za kiumbe mwingine, Sulfolobus acidocaldarius, aishiye katika maji yaliyo moto na yenye asidi kali, na apataye nguvu zake kwa kuiunganisha salfa na oksijeni. Wakati huo wote wawili walihesabiwa kuwa bakteria.

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walionyesha kwamba hesabu hiyo haikuwa kamili. Walichunguza ribosomu, yaani mtambo wa kutengenezea protini uliomo katika kila seli. RNA ya mtambo huo hubadilika polepole mno kutoka kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo viumbe wawili ambao RNA zao zinafanana sana ni ndugu wa karibu, na wale ambao RNA zao zinatofautiana sana wameachana zamani. Walipochunguza viumbe wanaotengeneza gesi ya methani, waliona kwamba viumbe hao wako mbali na bakteria wa kawaida kama walivyo mbali na mimea na wanyama. Kwa hadubini walionekana kuwa bakteria, lakini kwa nasaba walikuwa ukoo mwingine. Baadaye Sulfolobus naye alionekana kuwa wa ukoo huo, ilhali Thermus alibaki miongoni mwa bakteria. Mwaka 1990 Woese, Otto Kandler na Mark Wheelis walipendekeza viumbe wote wagawanywe katika makundi makuu matatu: bakteria, arkea, na yukaria, ambao seli zao zina kiini. Kundi hili la tatu ndilo lenye uyoga, mimea, wanyama na binadamu.

Wakati huo Karl Stetter, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Regensburg nchini Ujerumani, alikuwa akichunguza mchanga na matope ya pwani ya kisiwa cha Vulcano, Italia, mahali ambapo volkano huyapasha moto maji ya bahari. Mwaka 1982 alitangaza habari za Pyrodictium, arkea anayestawi katika digrii 105 na kuendelea kukua mpaka digrii 110. Mwaka 1986 yeye na Gerhard Fiala walimtangaza Pyrococcus furiosus kutoka kisiwa hicho hicho. Katika digrii 100 arkea huyu hujigawa na kuwa wawili kila baada ya dakika 37.

Msomaji huenda akauliza, maji yatafikaje digrii 110 bila kugeuka mvuke? Jibu ni kanieneo. Kila mita 10 za kina cha bahari huongeza kanieneo inayokaribia ile ya hewa yote iliyo juu yetu, na kanieneo ikizidi, kiwango cha kuchemka hupanda, kama inavyotokea ndani ya sufuria iliyofungwa kwa mfuniko usiopitisha mvuke. Mwaka 1977 wataalamu waliozama kwa nyambizi ndogo karibu na visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, walikuta chemchemi za moto kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Miaka miwili baadaye zilionekana nyingine ambazo maji yake yalikuwa na joto la zaidi ya digrii 350 na bado yalikuwa majimaji. Pembeni mwa chemchemi kama hizo, pale maji ya moto yanapochanganyika na maji baridi ya bahari, ndipo arkea wengi wapenda-joto wanapoishi.

Mwaka 1997 ilitangazwa habari ya Pyrolobus fumarii, kutoka kina cha mita 3,650 katika Bahari ya Atlantiki, ambaye hukua mpaka digrii 113. Mwaka 2008 Ken Takai na wenzake wa Japani walieleza habari za Methanopyrus kandleri aliyechukuliwa kutoka chemchemi za Kairei, katikati ya Bahari ya Hindi. Walipomkuza chini ya kanieneo inayokaribia mara 200 ya ile ya hewa, aliendelea kujigawa hata katika digrii 122. Mashine nyingi za kutakasia vyombo vya hospitali hufanya kazi katika digrii 121. Hata hivyo hakuna sababu ya kuogopa. Arkea wanaoishi katika joto hilo hawawezi kukua katika joto la mwili wa binadamu, na mpaka sasa hakuna arkea yeyote aliyethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa watu.

Siri ya Kutopikika

Ilipokwisha kujulikana kwamba viumbe hawa wapo, wataalamu walitazamia kukuta ndani yao kemikali mpya ya ajabu. Hawakuikuta. Protini za Pyrococcus zimejengwa kwa asidi amino zilezile 20 zinazojenga protini za kuku na za mtama. Tofauti imo katika mpangilio.

Mfano mzuri ni kimeng'enya cha Pyrococcus kiitwacho glutamati dihaidrojenasi, ambacho umbo lake lilielezwa mwaka 1995. Bakteria wa kawaida pia wana kimeng'enya cha aina hiyo, na umbo la jumla linafanana. Lakini katika kile cha Pyrococcus, asidi amino zenye chaji chanya na zile zenye chaji hasi zimekaribiana na kushikana, si mbili mbili tu, bali katika mtandao mzima kama nyuzi za wavu wa mvuvi. Protini nyingine za viumbe hawa zina sehemu za ndani zilizoshindiliwa vizuri zaidi, na vitanzi vifupi zaidi vya mnyororo vinavyoning'inia nje. Hakuna kifungo kimoja kikuu kinachobeba mzigo wote. Kila badiliko huongeza uthabiti kidogo, na haba na haba hujaza kibaba.

Uthabiti huo una gharama yake. Kimeng'enya hufanya kazi kwa kujinyumbua kidogo, na kilichokazwa ili kihimili digrii 100 huwa kigumu mno katika digrii 30. Ndiyo maana vimeng'enya vingi vya viumbe hawa hufanya kazi polepole sana katika joto la chumba, ijapokuwa haviharibiki. Na zipo protini ambazo, licha ya mpangilio wake, hukunjuka. Kwa ajili hiyo seli ina protini maalumu yenye umbo la pipa, iitwayo themosomu, ambayo huzipokea protini zilizokunjuka na kuzisaidia kurudia umbo lake. Pyrodictium anapopashwa mpaka digrii 108 hutengeneza themosomu kwa wingi, hata ikawa karibu robo tatu ya protini zote zilizoyeyuka ndani ya seli yake.

Utando nao umejengwa kwa namna nyingine. Katika bakteria na katika binadamu, mikia ya mafuta ya utando huunganishwa kwa vifungo vya esta, ambavyo maji ya moto huweza kuvikata. Katika arkea wote vifungo hivyo ni vya etha, vilivyo imara zaidi. Zaidi ya hayo, katika arkea wengi wapenda-joto tabaka mbili za utando hazikuachwa zikabiliane tu; mikia ya upande mmoja imeunganishwa moja kwa moja na ile ya upande wa pili, kama mbao mbili zilizopigwa misumari ya kupenya pande zote. Utando wa namna hiyo haubanduki.

Kuhusu DNA, jawabu lililotazamiwa lilikuwa na kosa. Nyuzi za DNA hushikana kwa jozi za besi. Jozi ya G na C ina vifungo vitatu vya haidrojeni, ilhali jozi ya A na T ina viwili. Kwa hiyo ingefaa kudhani kwamba DNA ya mpenda-joto imejaa G na C. Katika Pyrococcus furiosus besi za G na C ni kama asilimia 41 tu, ambapo katika bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli, aishiye katika digrii 37, ni kama asilimia 51. Ulinzi wa DNA umo kwingine. Mwaka 1984 Akihiko Kikuchi na Kiyoshi Asai wa Japani walikigundua katika Sulfolobus kimeng'enya ambacho huusokota uzi wa DNA zaidi ya ulivyosokotwa kiasili. Kamba iliyosokotwa kwa nguvu ni ngumu kuifumua, na DNA hiyo vivyo hivyo. Kimeng'enya hiki kimeonekana katika viumbe wote wanaojulikana kuwa hustawi katika digrii 80 na kuendelea, wawe arkea au bakteria. Chumvi nyingi iliyomo ndani ya seli, pamoja na protini zinazoishika DNA, humaliza kazi.

Ndugu wa Mbali

Utafiti huo ulileta jambo jingine ambalo halikutazamiwa. Wolfram Zillig na wenzake huko Munich, Ujerumani, walipokichunguza kimeng'enya cha arkea kinachonakili DNA kuwa RNA, waliona kwamba kinafanana zaidi na kile cha seli zenye kiini kuliko kile cha bakteria. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba Methanothermus fervidus, arkea apendaye joto, huizungusha DNA yake kwenye protini za jamii ya histoni, ambazo ndizo zinazoikunja DNA ya binadamu. Mwaka 2015 kundi jipya la arkea, lililopewa jina la Loki, lilijulikana kutokana na DNA iliyopatikana katika matope ya sakafu ya bahari kati ya Norway na Greenland. Katika DNA hiyo zilionekana jeni nyingi zilizodhaniwa kuwa ni za seli zenye kiini peke yake. Wataalamu wengi sasa wanaona kwamba seli yenye kiini ilitokana na ukoo wa arkea. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma jinsi jeni za arkea zinavyofanya kazi anasoma pia sehemu ya historia ya mwili wake mwenyewe.

Mnakili Asiyeungua

Faida kubwa kuliko zote ilitokana na kazi ya kunakili DNA. Mwaka 1983 Kary Mullis, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja huko California, alibuni njia ya kukizidisha kipande cha DNA ndani ya mrija wa maabara. Njia hiyo, iitwayo PCR, ina hatua tatu. Kwanza DNA hupashwa moto mpaka digrii 95 hivi ili nyuzi zake ziachane. Pili, joto hupunguzwa ili vipande vifupi vya DNA viitwavyo vianzio vijishikize kwenye ncha za sehemu inayotakiwa. Tatu, kimeng'enya kiitwacho polimerasi hujenga uzi mpya sambamba na kila uzi wa zamani. Kipande kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na baada ya mizunguko 30 idadi inaweza kufika 1,073,741,824.

Tatizo lilikuwa kwamba polimerasi iliyotumika kwanza ilitoka kwa bakteria wa utumbo. Kila DNA ilipopashwa moto, kimeng'enya hicho kilipikika, na ilibidi kingine kitiwe kwa mkono katika kila mzunguko. Ndipo ilipokumbukwa polimerasi ya Thermus aquaticus, iliyotolewa na kusafishwa tangu mwaka 1976 na Alice Chien na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cincinnati. Kimeng'enya hicho kiliweza kuvumilia mizunguko yote bila kubadilishwa, na kuanzia mwaka 1988, matokeo yake yalipotangazwa, PCR ikaenea katika maabara za dunia nzima. Mullis alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993.

Lakini mnakili huyo ana upungufu. Akiweka herufi isiyostahili katika uzi mpya, hawezi kurudi nyuma kuiondoa. Mwaka 1991 ilitangazwa polimerasi ya Pyrococcus furiosus. Hii si mnakili tu, bali ni msahihishaji pia, kama yule mtu wa kiwandani asomaye kila ukurasa kabla haujapigwa chapa: ikihisi kwamba herufi iliyowekwa hailingani na mwenzake, hurudi, huikata, na kuweka inayostahili.

Tofauti hiyo inaweza kupigiwa hesabu darasani. Vipimo vilivyofanywa viliionyesha polimerasi ya Thermus ikikosea kama mara 8 katika kila herufi milioni moja inazonakili, na ya Pyrococcus kama mara 1.3. Tuseme kipande kina herufi 1,000, nacho kinanakiliwa mara 20 mfululizo. Katika safari ya kila nakala zimeandikwa herufi 20,000. Kwa polimerasi ya kwanza, yapata nakala 16 katika kila 100 zitakuwa na kosa. Kwa ya pili, hazifiki 3.

Kwa kazi fulani kosa moja si neno. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hawezi kupimwa vizuri kwa kutafuta kingamwili, kwa sababu kingamwili za mama humo katika damu yake; hapana budi kutafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe, na PCR ndiyo izizidishazo mpaka zionekane. Swali hapo ni kama zipo au hazipo. Lakini mtu anapotaka kusoma jeni herufi kwa herufi, au kuitumia jeni kutengeneza protini ya tiba, kosa moja laweza kuharibu kazi ya miezi mingi. Hapo ndipo arkea wanapohitajika. Mwaka 2008 ilipoelezwa njia mpya ya kusoma jenomu nzima kwa haraka, wataalamu waliijaribu kwa DNA ya mtu mmoja wa kabila la Wayoruba wa Nigeria. Polimerasi waliyoitumia ilikuwa imebadilishwa kutoka ile ya arkea wa jamii ya Thermococcus, wa chemchemi za kina cha Bahari ya Pasifiki.

Uji, Wanga na Sukari

Faida nyingine inahusu wanga. Akina mama wengi wanajua kwamba uji mzito ukitiwa unga wa kimea huwa mwepesi, ingawa haukuongezwa maji. Katika kimea kuna kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho huikata minyororo mirefu ya wanga. Wanajua pia kwamba kimea hutiwa uji ukiwa umepoa kidogo. Kikitiwa uji ukitokota, hakifanyi kazi, kwa kuwa amilasi hupikika.

Viwanda vinavyogeuza wanga kuwa sukari au spiriti vina shida hiyo hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi, kwani wanga lazima upikwe ili punje zake zifunguke, mara nyingi katika joto linalopita digrii 100. Amilasi ya mpenda-joto hutiwa wakati mapishi yanaendelea, bila kungoja kupoa. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu kilimo cha mahindi yaliyotiwa jeni ya amilasi yenye asili ya arkea wa ukoo wa Thermococcus, ili punje yenyewe ije kiwandani na kimeng'enya chake ndani.

Chemchemi za Bonde la Ufa

Afrika ya Mashariki haikosi maji ya namna hii. Katika kingo za Ziwa Bogoria, Kenya, maji huruka kutoka ardhini yakichemka. Na kwa kuwa mahali hapo ni karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kabla ya kufika digrii 100. Ziko chemchemi za Sempaya nchini Uganda, na za Songwe karibu na Mbeya nchini Tanzania. Hata hivyo kuwa na chemchemi si sawa na kuwa na faida yake.

Habari ya Thermus yatoa fundisho. Brock alimweka bakteria wake katika hazina ya vijidudu iliyo wazi kwa wataalamu wote, kama ilivyo desturi njema ya sayansi. Mwaka 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa dola milioni 300 za Marekani, na hifadhi alikotoka kiumbe huyo haikupata fungu lolote. Kenya nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1990 vijidudu vya maziwa yake ya magadi, ambao ni bakteria wapendao magadi wala si arkea wa joto, vilichukuliwa na kupelekwa Ulaya. Vimeng'enya vilivyotokana navyo vilitumiwa katika sabuni na katika kufifisha rangi ya nguo, na mwaka 2004 idara ya wanyamapori ya Kenya ilidai hadharani haki ya nchi. Mkataba wa Anuwai ya Viumbe wa mwaka 1992 ulikwisha kutamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake, na Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka ruhusa itolewe kwanza na faida igawanywe kwa makubaliano. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama wa itifaki hiyo.

Sheria hulinda kile kinachojulikana. Kiumbe ambaye hajakuzwa wala kuelezwa na mtu yeyote hawezi kudaiwa na nchi yake, kwa sababu hakuna ajuaye kwamba yupo. Wala muda si mwingi, kwani maji ya Ziwa Bogoria yamepanda sana tangu mwaka 2010 na kuzifunika baadhi ya chemchemi zake. Shule iliyo karibu na chemchemi ya moto inaweza kuanza na kazi isiyo ya gharama: kupima joto na kiasi cha asidi au magadi mwezi kwa mwezi, kuandika rangi za utando unaoota kando ya maji, na kutunza daftari hilo mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ifanywe pamoja na mwalimu na kwa idhini ya wenye mahali, bila kukanyaga ukingoni, kwa maana aghalabu udongo wa hapo ni ganda jembamba juu ya maji yachemkayo. Brock na Freeze nao walianza kwa kipimajoto na chupa za kuchotea maji, wakiwa na swali moja tu: ni nani anayeishi humu?